Nilikuwa Mstari wa Mbele Kumsaka Jambazi, Kumbe Jambazi Ni Mimi

Naanza na hatia kabisa, nisije nikajisahau nikaanza kujitetea: nimekosa. Hakuna aliyenituma, sikuwa nimelewa, na shetani siku hiyo naona alikuwa na shughuli zake kwingine. Ni mimi, akili zangu, na bunduki ya mti wa mwarobaini.

Jina silitaji. Nasoma kidato cha tatu, shule moja hapa Bariadi mjini. Kama tuko darasa moja na ukifika katikati ukanitambua, nakuomba unyamaze, nitakuletea karanga. Za kukaanga, siyo zile za bibi zenye mchanga.

Hii habari nimeicheka sana, na hata sasa hivi naandika huku najiziba mdomo, dada yangu kalala chumba cha pili. Lakini kuna sehemu moja nikifika, kicheko kinakatika kama umeme. Ukifika hapo utajua mwenyewe.

Iko hivi. Kila likizo ya mwezi wa sita mama ananipeleka kijijini Zagayu kwa bibi, eti nikasaidie pamba. Ukweli ni kwamba nyumbani wanataka wapumue. Bibi anaishi na anko, yule mdogo wake mama wa mwisho kabisa, kijana tu bado, mrefu, mpole, mtu ambaye ukimkanyaga anakuomba samahani yeye.

Likizo iliyopita nikamkuta anko yuko mafunzo ya mgambo. Alfajiri wanakusanyika uwanja wa shule ya msingi, wanakimbia jaramba barabarani wakiimba, halafu kwata mpaka jua linakuwa kali. Na kila mmoja ana bunduki. Ya mti. Za kweli zinaletwa siku moja tu mwishoni, siku ya shabaha. Siku nyingine zote kila mtu anachonga ya kwake, anaiwekea alama kwa msumari wa moto, na anaibeba kama yai.

Mimi nilivyoona wanaume wazima na ndevu zao wamebeba miti wanasema "bega silaha", nilianguka chini. Nilicheka mpaka bibi akauliza kama nimekula kitu kibaya.

Anko hakukasirika. Alikuwa na sababu yake ya kutokasirika. Kiwanda kimoja cha kuchambua pamba huku mjini kilikuwa kinatafuta walinzi waliopita mgambo, na habari zilikuwa kwamba waliofanya shabaha ndio watakabidhiwa bunduki ya kweli na lindo la ghala. Wengine watakaa getini na rungu. Tena anko alikuwa na mchumba Maswa. Wakwe walishauliza, huyu kijana kazi yake nini hasa, maana kulima kila mtu analima. Anko akawajibu bila kupepesa macho kwamba yeye anaelekea kuwa mlinzi wa silaha. Kwa hiyo ile siku ya shabaha kwake ilikuwa kama harusi yenyewe.

Sasa jioni akirudi, mimi nikawa namsumbua. "Anko, nifundishe na mimi. Kesho majambazi wakija utapokezana zamu na nani?"

"Wewe bado mtoto wa shule."

"Mtoto wa shule ndiyo anatakiwa afundishwe. Ndiyo maana ya shule."

Akakubali. Nadhani alikuwa anajinoa na yeye. Tukawa tunaenda nyuma ya zizi la ng'ombe, ananipa ule mwarobaini mikononi.

Siku ya kwanza niliushika, akaniangalia, akasema, "Hapo umeshika jembe. Unataka kupalilia jambazi?"

Nikabadilisha. Akasema, "Na hapo umembeba mtoto. Kitako begani. Begani, siyo shavuni, itakung'oa meno."

"Mti utaning'oa meno?"

"Huo siyo mti. Ukishaushika siyo mti tena. Bunduki yoyote ina risasi mpaka uikague mwenyewe. Sema."

"Anko, hii ni mwarobaini. Ikimpata mtu anapona malaria."

Alicheka, nakwambia, mpaka akashika ukuta wa zizi. Halafu akafuta macho akarudisha uso ule ule: "Bunduki yoyote ina risasi. Sema."

Nikasema. Nikawa nasema kila jioni. Mdomo wa mtutu usimwelekee mtu, hata kwa utani, hata kama ni mtu unayemchukia. Kidole kinakaa nje ya kifyatulio, kimenyooka, mpaka umeamua. Kabla hujalenga, uliza nyuma ya shabaha kuna nini.

"Nyuma ya shabaha kuna nini?" anauliza.

"Kuna kuku wa bibi."

"Basi hupigi."

"Hata kama mbele yuko jambazi?"

"Jambazi tunaweza kumsubiri. Bibi akikosa kuku wake, utamjibu wewe."

Akaniuliza siku nyingine, ukikutana na hatari jambo la kwanza unafanya nini? Nikajibu haraka haraka, napiga. Akatikisa kichwa. La kwanza unaondoka. La pili unaita watu. Bunduki ni la mwisho, na ukifika huko ujue mambo yameshaharibika. Mimi nikaona haya mafunzo mbona ya kukimbia tu, hata mbuzi anajua kukimbia. Lakini amri zake nilizipenda. "Lala!" nalala. "Mdomo chini!" nashusha. "Kidole nje! Weka silaha chini! Mikono mbali!" Nilikuwa mwepesi. Anko akasema nina mwili wa uaskari, tatizo ni kichwa.

Hapo ndipo kichwa chenyewe kilipoanza kazi.

Niliona ile bunduki inaonekana mti mno. Nikapasua betri kuukuu za redio ya bibi, nikatoa ule mkaa wake mweusi, nikachanganya na kiwi ya viatu, nikapaka mtutu wote. Mbele nikachomeka kipande cha bomba la baiskeli mbovu. Aisee. Ilipendeza kuliko za kweli. Anko alipoiona alikunja uso, halafu akaigeuzageuza, halafu akatabasamu kidogo. Akasema tu, "Iache ndani." Akaiweka juu darini, pale bibi anapoweka mbegu.

Mchana mmoja anko amerudi kwenye kwata, amekula, amelala kama gogo. Bibi yuko jikoni. Pamba yetu imelundikwa ndani inasubiri siku ya mnunuzi, na kulikuwa na maneno kwamba huko vijiji vya jirani watu wanaibiwa pamba. Bibi akaniambia, "We mjukuu, kaa nje uangalie angalie, usije ukalala na wewe."

Kaa nje uangalie. Kwa mtu mwenye akili hiyo maana yake ni kigoda na karanga. Mimi nikasikia lindo.

Nikapanda, nikaichukua bunduki ya anko. Polepole, huku namwangalia anakoroma. Nikatoka, nikalala kifudifudi nyuma ya ua wa minyaa kando ya barabara, mtutu nikaupitisha katikati ya matawi. Kitako begani, siyo shavuni. Kidole nje. Nilikuwa nafuata kila kitu, ila ile ya mdomo usimwelekee mtu. Maana sasa bila mtu unamlenga nani?

Akaja Guku. Guku ni babu kwa Kisukuma, na huyu siyo babu yangu wa damu, ni mzee jirani ambaye kila mtoto pale anamwita hivyo. Anasukuma baiskeli, nyuma kafunga furushi la pamba kubwa kuliko yeye, anapeleka ghala la ushirika. Huyu mzee anatembea taratibu mpaka kivuli chake kinamsubiri. Anaimba peke yake.

Nikasubiri afike sawasawa na mimi. Nikakaza sauti nikaitoa tumboni:

"Simama! Jitambulishe!"

Akasimama. Akageuza shingo. Akaona mtutu mweusi unatoka kwenye minyaa, na nyuma yake kipande cha fulana ya njano.

Ndugu msomaji, mimi sijawahi kuona mtu mzima anaruka baiskeli yake mwenyewe kwa juu. Furushi likapasuka, pamba ikamwagika barabarani kama theluji ya kwenye vitabu vya jiografia, na Guku akaondoka. Hakukimbia, aliondoka. Kandambili moja ilibaki, ya pili ilimfuata baadaye.

Nilicheka. Nilijiviringisha pale chini na bunduki yangu kifuani, machozi yananitoka, naitaka pumzi siipati. Nilikuwa na nia kabisa ya kumwita arudi, nimwambie Guku ni mimi, tuokote pamba wote. Nilikuwa nangoja tu kicheko kiishe. Kikawa hakiishi.

Halafu nikasikia mwano.

Kwa asiye wa huku: mwano ni yowe la hatari. Mtu mmoja anapiga, wa nyumba ya pili anapokea, wa tatu anapokea, mpaka linazunguka kijiji chote na cha jirani. Ukisikia mwano huulizi. Mwanaume anatoka na chochote kilichopo karibu, upinde, rungu, panga, mchi. Ukibaki ndani, kesho sungusungu, walinzi wa kijiji, wanakuuliza wewe ulikuwa unamficha nani. Kwa umri wangu mimi tayari nahesabiwa.

Na huo mwano haukutoka upande aliokimbilia Guku. Ulishazunguka. Ulinifikia kutoka upande wa josho, kule wanakoogesha ng'ombe, na ulishakuwa mkubwa: majambazi, wengi, wana bunduki, wanaswaga ng'ombe. Mimi nikaamka nimekauka. Naapa sikuunganisha hata kidogo. Nilijua kabisa kwamba majambazi wa kweli wameingia, na nikakumbuka Guku yuko nje peke yake, maskini, anaweza kukutana nao.

Bibi akatoka jikoni na mwiko mkononi. Macho yake hayaoni vizuri, akaniona tu nimesimama.

"We! Mwanaume unasimama hapo na mwano unalia? Unataka waseme nyumba hii ina wanawake watupu? Toka!"

"Bibi, anko..."

"Anko wako ameshatoka na rungu! Toka!"

Nikatoka. Na chochote kilichopo karibu. Kilichokuwa mkononi.

Nilikimbia kuelekea josho kama nimepewa mabawa, bunduki kifuani, mtutu juu, kama anavyokimbia anko kwenye jaramba. Nikawapita vijana wawili. Nikawapita wengine. Nikajikuta niko mstari wa mbele, sambamba na jamaa mmoja ana upinde na mishale, anahema. Alikuwa anatazama vichaka tu, wala hajanigeukia.

Nikamuuliza, "Wako wapi?"

"Inasemekana ni mmoja, wale wengine ni maneno ya watu. Kijana. Mwembamba."

"Kavaa nini?"

"Fulana ya njano. Ana bunduki nyeusi."

Nikajiangalia.

Yule jamaa na yeye akageuka akaniangalia. Tulikuwa bado tunakimbia wote wawili. Sijui kwa nini mdomo wangu uko hivi, lakini kilichotoka ni, "Tutampata tu."

Akasimama. Akarudi nyuma hatua, akapiga yowe ambalo sitalisahau, na nilipogeuka, duara la watu lilikuwa limeshanizunguka. Watu ninaowajua. Wa kanisani, wa ghala la ushirika, yule anayenyoa watu nywele siku ya mnada. Lakini hakuna aliyekuwa na uso ninaoujua.

Kicheko kilikatika hapo.

Nikawaza, niwaonyeshe tu kwamba ni mti. Wakiuona kwa karibu watacheka. Nikaanza kuinyanyua ile bunduki, niwanyooshee waione vizuri. Yule jamaa wa upinde akavuta. Ncha ya mshale niliiona imekaa kimya, imenielekea hapa kwenye kitovu.

"LALA!"

Sauti ya anko, kutoka nyuma ya watu.

"Mdomo chini! Kidole nje! Weka silaha chini! Mikono mbali!"

Mwili ulifanya wenyewe. Kichwa hakikuhusika. Nilijikuta kifudifudi, uso kwenye mavi ya ng'ombe, mikono imetanuka, bunduki iko pembeni. Anko akapenya akaja akasimama juu yangu, kaachanisha miguu, mikono ameinua, anasema, "Ni wa dada yangu. Ni wa dada yangu. Ni mti huo. Angalieni, ni mti."

Kamanda wa sungusungu akaja. Mzee mfupi, hana maneno. Akaiokota, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Ko, ko. Akajipaka ule weusi kwenye kidole akaunusa. Hakuna aliyecheka. Akaona alama ya msumari kwenye kitako.

"Hii ya mgambo. Ya nani?"

"Yangu," anko akasema.

Kamanda akaniangalia mimi. "Wewe. Ulipewa au uliiba? Kama uliiba ukaenda kutishia wazee barabarani, mimi kesho nakupeleka kituoni, na shuleni kwenu watajua."

Ni swali jepesi. Jibu lake ni neno moja. Mimi ambaye darasani naulizwa swali la hisabati najibu na vichekesho vitatu, nilifungua mdomo na hakikutoka kitu.

"Nimempa mimi," anko akasema. "Nilikuwa namfundisha."

Na mimi nikanyamaza.

Sasa ndiyo umefika pale nilipokwambia. Kosa langu siyo Guku kuruka baiskeli. Kosa langu ni huo ukimya. Niliuona unampeleka anko wapi, na nikautumia.

Jioni hiyo hiyo habari ikafika kwa afande mkufunzi. Mwanafunzi wa mgambo aliyempa mtoto silaha ya mafunzo akasababisha kijiji kizima kutoka. Anko akaambiwa asirudi uwanjani. Akarudi nyumbani. Alikula, akanawa, akaniuliza kama goti linauma.

Kesho yake tukalipa mwano. Ukisababisha watu watoke bure, unawalisha. Beberu wa bibi akaenda, yule wa madoa, na bibi aliniambia kwa upole kabisa, "Nilikuwa namtunza kwa ajili ya kipaimara chako." Mimi ndiye nilikuwa nagawa chakula, sili. Na watu sasa walishapoa, wamekumbuka kwamba wana midomo.

"Afande, ongeza mchuzi."

"Usimpe huyo, hajajitambulisha."

"Jambazi, leta maji ya kunawa. Polepole, mikono tuione."

Yule jamaa wa upinde ndiye alikuwa mbaya zaidi. Kila nikipita ananiangalia juu mpaka chini, anasema, "Tutampata tu," na benchi zima linaanguka. Jamani, na mimi nilicheka. Nilikuwa nimebeba sufuria la ugali nacheka. Anko alikuwa amekaa mwisho wa benchi, na yeye anacheka kidogo, kwa adabu, kama mgeni.

Baadaye nikaenda kwa Guku kumalizia adhabu yangu ya pili. Pamba yake ilikuwa imeingia vumbi na majani, na pamba ikichafuka inakuwa fifi, mnunuzi anaikataa au anaishusha. Nikakaa uani kwake nachambua kitonge kwa kitonge.

"Mwadila, Guku," nikamsalimia, macho chini.

"Mwadila, jambazi." Akavuta kigoda. "Unajua kilichonikimbiza ni nini? Siyo bunduki. Bunduki nimeziona. Nilisikia jambazi linacheka. Nikasema, haya, jambazi la kawaida linataka mali, hili linalocheka linataka nini?"

Nikacheka, na yeye akacheka mpaka akakohoa. Akasema nimemrudishia miguu yake, hakujua kama bado anayo. Mkewe anapita anatuangalia kama wote wawili tumerogwa. Halafu Guku akasema, bado anatabasamu, anaokota jani kwenye pamba, "Lakini anko wako naye. Hivi mtu mwenye akili timamu anaanzaje kumpa wewe bunduki?"

Nilichambua pamba. Sikumjibu. Ukimya wa pili huo, na wenyewe nauhesabu.

Kilichonimaliza kilikuja alfajiri iliyofuata. Nimelala, nikasikia wale wa mgambo wanapita barabarani na jaramba, nyimbo zao, vishindo vya buti na vya wasio na buti. Nikachungulia dirishani. Anko alikuwa uani na jembe begani, anaelekea shambani, amesimama kuwapisha wapite. Hakuwa anaimba. Lakini miguu yake ilikuwa inahesabu. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, pale pale aliposimama, kwenye vumbi, na nadhani mwenyewe hakujua. Walipopotea kwenye kona miguu ikaendelea kidogo, halafu ikaacha.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma nikiwa na bukta ya kulalia.

Niliwakuta uwanjani. Afande mkufunzi ni mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na alipokuwa anaita majina mimi nikajipanga mwisho wa mstari, maana sikujua pengine pa kusimama.

"Na huyu mwenye bukta ya maua ni nani?"

"Ni jambazi, afande," mtu akajibu, na mstari mzima ukatikisika.

"Kimya! Wewe, sogea. Unataka nini?"

Nikasema yote. Nilisema kwa kasi mpaka akaniambia nirudie. Kwamba anko hakunipa. Kwamba alikuwa amelala, nikapanda nikaichukua. Kwamba aliniambia mdomo usimwelekee mtu, na kila siku akanifanya niseme, na nilisema. Kwamba kamanda aliponiuliza nilinyamaza, na anko akajitwika kosa langu.

Afande akafunga daftari la majina. Akatuma mtu amwite anko. Anko akaja na jembe lake, akasimama mguu sawa, jembe bega.

"Kijana anasema hukumpa. Ameiba."

Anko akaitazama bukta yangu.

"Sasa nisikilize. Askari anayeazimisha silaha ni mjinga. Askari anayeibiwa silaha ni mjinga aliyelala. Wewe umelala, umeibiwa, halafu ukamdanganya kamanda. Umepanda cheo au umeshuka?"

"Nimeshuka, afande."

"Umeshuka sana. Lakini mdogo wako huyu..."

"Mpwa, afande."

"Mpwa wako huyu, nimeambiwa kule josho ulipomwamuru alilala?"

"Alilala, afande."

"Kwa amri ya kwanza?"

"Ya kwanza."

Afande akageukia mstari. "Nyie wakubwa mnalala kwa amri ya kwanza?"

Basi akamrudisha. Anko akarudi kwenye mafunzo, na mimi nikapewa ile ile bunduki, nikaibeba juu ya kichwa kwa mikono miwili, nikauzunguka uwanja huku napiga kelele, "Bunduki yoyote ina risasi!" Watoto wa pale jirani, waliokuja kuchunga mbuzi tu, wakanifuata nyuma wanaitikia, "Mpaka uikague mwenyewe!" Mzunguko wa mwisho tulikuwa kwaya kamili. Mwarobaini ni mzito, hilo nimelijua siku hiyo.

Ningependa niishie hapo, ingekuwa tamu. Lakini kulikuwa na adhabu ya anko, na hiyo afande hakuipunguza. Mtu aliyeibiwa ya mti hapewi ya chuma. Siku ya shabaha, wenzake wakalala mmoja mmoja wakapiga, vilima vikaitikia. Anko alisimama pembeni na bendera nyekundu, kazi yake kuzuia watu na mifugo wasikatize. Niliruhusiwa kuangalia kwa mbali. Alisimama wima saa zote, na kila mlio ukitoka niliona mkono wake wa kulia, ule usioshika bendera. Kidole kimenyooka. Kiko nje.

Ile ya mwarobaini kumbe ilikuwa na risasi moja. Ilimpata yeye.

Kazi alipata. Yuko getini kiwandani, na rungu na filimbi. Lindo la ghala na bunduki walipewa wenzake aliofanya nao kwata. Wakwe wa Maswa walipouliza, kwani ile silaha ulisema ni ya aina gani, alisema filimbi, na baba mkwe akafikiri ni jina la bunduki ya kisasa, akaridhika. Hiyo alinisimulia mwenyewe akiwa hoi kwa kicheko, kwa hiyo najua hanichukii. Ningeona afadhali angenichukia kidogo.

Kwa hiyo wewe kijana mwenzangu unayesoma hapa huku umeshachonga ya kwako, umeipaka kiwi, unangoja mtu apite: kaipasue ukachemshie chai. Utani wako wewe unaujua mwisho wake, aliye mbele ya mtutu haujui, na mwenye upinde haujui kabisa. Na kama umeshakosea, mtu akakufunika kwa mgongo wake, toka hapo chini mapema. Kila unavyokaa, anaendelea kulipa. Mimi nilikaa siku mbili tu, na yeye analipa mpaka leo.

Asubuhi naenda shule napita pale getini. Ningeweza kuzunguka, ila napita. Anko amevaa sare, kofia inamzidi. Ananisimamisha kama hanijui, anafungua begi langu la madaftari, anapekua mpaka karanga, anachukua kiganja kimoja, anatafuna.

"Jitambulishe," anasema.

"Jambazi, afande."

"Bunduki yoyote?"

"Ina risasi, anko."

"Pita."